Ramadhani 18: Mmeachana Nyinyi, Mbuzi Amekosa Nini?

Bismillahi Rahmani Rahim.

Darsa la leo ni refu kidogo. Aliye jikoni na sufuria ya futari aweke simu pembeni kwanza, atatukuta.

Jana baada ya tarawehe kijana mmoja alinifuata barazani akauliza swali ambalo wenzake walilicheka. Alisema, "Ustadhi, mtu akimwacha mkewe, mbwa anabaki kuwa wa nani?" Wakacheka sana. Mmoja akamwambia kaulize kama na mbwa anakaa eda. Mimi sikucheka, nikamwambia nitajibu kwenye darsa. Na sababu ya kutocheka ni mbuzi mmoja mwekundu ambaye mpaka leo nikisikia sauti ya mbuzi usiku namkumbuka. Nianze na huyo, mbwa tutamfikia.

Mwaka juzi, mwezi wa kumi na moja, korosho zikiwa katikati ya msimu, niliitwa kijiji kimoja upande wa Newala kusuluhisha. Wahusika wote wawili wamo kwenye chaneli hii na wameniruhusu niyaseme, ila majina na kijiji nimeviacha. Mume ni mtu wa Masasi, alioa huku juu akahamia kwao mke, kama ilivyo desturi ya wengi wetu kusini. Mnaijua desturi hiyo. Mwanamume anakuja na kibegi chake, anajenga kwenye uwanja wa wakwe, anapalilia mikorosho, na siku ndoa ikivunjika anashuka Masasi na kibegi kile kile. Nyumba haibebeki, mikorosho haibebeki. Kinachobebeka ni baiskeli, godoro, redio na mbuzi. Ndiyo maana kesi nyingi za talaka ninazoitiwa zinaanzia chumbani lakini zinamalizikia bandani.

Mbuzi walikuwa watano. Majike wawili mume aliwanunua kwa malipo ya korosho ya miaka mitatu nyuma, kulikuwa na beberu mmoja kijana, na watoto wawili wa wiki tatu wa yule jike mwekundu. Mume alikuwa ametoa talaka moja, maana yake mlango wa rejea ulikuwa wazi. Nilikwenda pale nikiwa na tamaa ya kuwarudisha.

Tulikaa chini ya mwembe: mimi, mjomba wa mke, kaka wa mume, na wazee wawili wa mtaa. Mume akasema mbuzi ni pesa yangu, risiti ninazo. Mke akasema maneno ambayo sitayasahau: "Ustadhi, yeye alitoa pesa siku moja. Mimi nimebeba maji miaka mitatu."

Aliyeko Dar es Salaam au Muscat anaweza asielewe uzito wa maneno hayo. Huku juu uwandani maji ni hesabu. Mama zetu waliteremka mabondeni usiku na kupanda na mtungi kichwani, na hata baada ya mradi wa maji wa Makonde kuja, mitambo ya Mitema ikisimama siku mbili tu, dumu linauzwa kama soda. Mwezi wa kumi na moja, mvua haijaja, mbuzi watano wanakunywa maji ambayo binadamu angeweza kuyauza.

Basi mimi nikaona hoja ni nzuri pande zote mbili, nikatoa daftari. Mimi ni mwalimu, nimesomea ualimu, na ugonjwa wa walimu ni kupenda kuchora jedwali. Upande huu bei ya mbuzi, upande huu madumu ya maji, dawa ya minyoo alilipa nani, kamba alinunua nani. Jioni ya kwanza ikaisha. Jioni ya pili pia. Na muda wote huo, hatua kumi kutoka tulipokaa, mbuzi mwekundu alikuwa anaugua. Kiwele kilikuwa kimevimba, upande mmoja mgumu kama jiwe, watoto wakimsogelea anawapiga teke, wanarudi wanalia. Alikuwa anatoa sauti nzito, ya chini, si ile sauti ya mbuzi mwenye njaa.

Nakiri mbele yenu katika mwezi huu. Jioni ya pili nilisema: "Mwondoeni huyo mbuzi, mpelekeni nyuma ya nyumba, hapa hatusikilizani."

Wakamwondoa. Tukaendelea kuhesabu.

Siku ya tatu mzee mmoja aliuliza kwa nini hatibiwi. Mke akajibu, nikimtibu kwa pesa yangu kesho atakuja kumchukua akiwa mzima. Mume akajibu, aliyemshika ndiye amtibu, si anasema ni wake? Mzee akasema basi achinjwe kabla hajafa, nyama igawanywe. Mke akakataa kwa kuogopa kuambiwa amekula mali ya mtu. Mume naye akakataa, eti atajuaje kama kweli aliumwa. Mbuzi akawa kama kielelezo cha mahakamani ambacho hakuna anayeruhusiwa kukigusa. Siku ya nne alfajiri akafa. Nyamafu. Wakamfukia nyuma ya banda, na mtoto mmoja akamfuata baada ya siku mbili. Wa pili aliokolewa na bibi jirani kwa chupa na maziwa ya kununua, bibi ambaye hakuwa na hisa yoyote kwenye daftari langu.

Bwana mifugo alipita baadaye kwa shughuli nyingine. Akasema kwa upole, jambo lililoniumiza zaidi: "Mngeniita siku ya kwanza, kukamua na sindano, angeweza kupona." Na rejea? Ilikufa na mbuzi. Baada ya pale hawakuweza hata kutazamana.

Sasa tuulizane. Kosa la nani?

Miaka miwili nimekuwa nikilifikiri jambo hili, na nimeona kosa letu lilianza kwenye swali. Sote pale chini ya mwembe tuliuliza: mbuzi huyu ni wa nani? Ni swali halali, tutalijibu. Lakini kuna swali linalotangulia: mbuzi huyu anadai nini leo, na anamdai nani? Swali la kwanza linaweza kungoja wiki mbili, linaweza kungoja mahakama. La pili halingoji magharibi.

Mnyama wa nyumbani ni kitu cha ajabu. Si sufuria. Sufuria ukiifungia stoo mpaka kesi iishe utaikuta vile vile. Wala si mtoto, kwamba tutamfanyia hukumu ya malezi, akae kwa mama mpaka apambanukiwe kisha achague. Yuko katikati: ni mali inayonunuliwa, kurithiwa na kugawanywa, lakini ni mali yenye haki juu ya mwenyewe. Wanazuoni wetu wa madhehebu ya Shafii walilijua hili zamani. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, alipoandika mlango wa matumizi ya lazima katika Minhaj alianza na mke, akaenda kwa watoto na wazazi, kisha mlango ukafungwa na wanyama. Mnyama yumo ndani ya mlango mmoja na mke na mtoto! Na hukumu yake ni nzito: mwenye mnyama lazima amlishe na kumnywesha. Akikataa analazimishwa. Kama ni mnyama wa kuliwa anapewa njia tatu, amlishe, amuuze au amchinje. Kama si wa kuliwa, amlishe au amtoe kwa mwingine. Hata maziwa, hukamui mpaka ukamdhuru mtoto wake.

Angalieni kitu kimoja hapo. Katika njia zote hizo hakuna njia ya nne ya "aendelee kuteseka mpaka tujue ni wa nani". Sisi tuliibuni njia ya nne chini ya mwembe.

Hadithi ya mwanamke na paka mnaijua, iko kwa Bukhari na Muslim, tunawafundisha watoto madrasa. Aliadhibiwa kwa sababu ya paka. Lakini wengi tunaikumbuka nusu, tunasema alimnyima chakula. Ukiisoma vizuri kosa lake lina vipande viwili vilivyoshikana. Alimfungia, na hakumlisha. Kama angemwacha huru paka angejitafutia vijidudu vya ardhini. Kama angemfungia akamlisha, hakuna tatizo. Moto ulikuja pale aliposhika asiachie, na alichoshika asikihudumie. Ndugu yangu uliyeachana, hiyo ndiyo sura kamili ya mbuzi wa talaka. Umemfunga kamba ili mwenzako asimchukue, na humtibu ili mwenzako asifaidi. Sisi saa hizi tumefunga, lakini tunaijua saa ya kufungua, na tende zimeshaoshwa. Aliyefungwa kamba juani hajui magharibi yake ni lini.

Na kumshika mtu au kitu kwa nia ya kumuumiza mwingine ni jambo ambalo Qur'ani imelikemea kwenye talaka hasa. Surat al-Baqara, aya ya 231, inawakataza wanaume kuwarejea wake zao kwa lengo la kuwadhuru. Walikuwa wanafanya hivyo: anamwacha, eda ikikaribia kwisha anamrejea, si kwa mapenzi bali asimwachie nafasi. Ikiwa kumshika mke kwa kumkomoa ni dhulma, kumshika mbuzi kwa kumkomoa mke ni dhulma kwa wawili, na mmoja wao hana ulimi wa kushitaki.

Haya, tuje kwenye swali la nani mwenyewe, kwa sababu wengine mmeanza kusema ustadhi anakwepa.

Mara nyingi jibu lipo ila hatutaki kulisikia. Kama mnyama mlipewa au mlinunua kabla ya ndoa, anajulikana. Kama mume alisema mbele ya watu "huyu ni wako, mama fulani", na mke akampokea akamfuga, hiyo ni zawadi iliyokamilika. Anayerudia zawadi yake Mtume (s.a.w.) amemfananisha na mbwa anayeyarudia matapishi yake, na An-Nisaa aya ya 20 inatukataza kuchukua chochote tulichowapa wake zetu tunapoachana, hata kama tulitoa rundo la dhahabu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo, kifungu cha 61, inachukulia kwamba zawadi kati ya mume na mke ni mali ya aliyepewa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Dini na serikali hapa wamekutana.

Ugumu uko kwa mnyama mliyemchuma pamoja, huyu pesa, huyu maji. Hapa nilijifunza kitu. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, iliamua kwamba kazi ya mke nyumbani ni mchango katika mali iliyochumwa ndani ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakupata sehemu ya ile nyumba, mahakama iliona mumewe alikwisha kumpa fedha, lakini kanuni ikabaki, na wanawake wengi wameitumia tangu hapo. Kwa hiyo yule dada aliyesema nimebeba maji miaka mitatu hakuwa analeta maneno ya jikoni. Alikuwa na hoja ya kisheria, na mimi naona ana hoja ya kidini pia, maana hakuna aya wala hadithi inayomlazimisha mke kuchotea maji mbuzi wa mume bure. Alifanya ihsani. Ihsani unaishukuru, huigeuzi kuwa desturi ya kumdai.

Na kama mmeshindwana kabisa, kuna baraza la usuluhishi, kuna mahakama. Kadhi wetu wa Bara hana mahakama yenye nguvu za dola kama ndugu zetu wa Zanzibar, kwa hiyo msimbebeshe imamu kazi ya hakimu. Msinibebeshe mimi.

Wenzetu wa mbali nao wamefika hapa kwa njia yao. Jimbo la Alaska kule Marekani tangu 2017 linawataka majaji waangalie hali njema ya mnyama wanapogawanya wanyama wa nyumbani kwenye talaka, na Hispania ilibadilisha sheria yake ya kiraia, ikaanza kutumika Januari 2022, mnyama asihesabiwe kama meza. Kijana akinitumia habari kama hiyo huwa anaweka na alama ya kucheka. Mimi nadhani katika hili hawajakosea, ingawa mambo mengine ya kule ya kumrithisha paka mamilioni tuwaachie wenyewe. Na hata kwetu, Bunge letu lilipitisha Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008. Kumtesa mnyama kwa kumnyima huduma ni kosa Tanzania, si dhambi tu.

Lakini hukumu ninayoipenda kuliko zote ni ya zamani zaidi. Surat al-Anbiyaa, aya ya 78 na 79, inatajwa kesi ya mifugo iliyoingia usiku kwenye shamba la watu. Wafasiri wanaeleza kwamba Nabii Daud aliona mwenye shamba apewe mifugo kama fidia, yaani mali kwa mali. Mwanawe Suleiman akaona njia nyingine: mwenye shamba akae na mifugo, anufaike na maziwa na sufi yao, na mwenye mifugo alihudumie shamba mpaka lirudi lilivyokuwa, kisha kila mtu arudishiwe chake. Mwenyezi Mungu akasema amemfahamisha Suleiman, na wote wawili akawasifu kwa hukumu na elimu.

Someni hukumu hiyo kwa jicho la mnyama. Kesi inaendelea, lakini siku zote hizo mifugo ina mtu wa kuilisha, na anayeilisha ana faida yake mkononi. Suleiman alitenganisha umiliki na huduma. Ningekuwa na akili hiyo chini ya mwembe ningesema: dada, kaa nao mwezi huu, watoto wakizaliwa na samadi ni vyako, na wewe ndugu toa pesa ya sindano leo, itaandikwa, mwisho wa mwezi tutajua nani ni nani. Dakika tano. Badala yake nilichora jedwali.

Kuhusu gharama za matibabu nitasema wazi, maana maswali yanakuja mengi. Kanuni tuliyofundishwa kutoka hadithi iliyo kwa Abu Daud ni kwamba faida inakwenda na dhamana: anayekula matunda ya kitu ndiye anayebeba mzigo wake. Mnyama wa shirika, gharama ni ya shirika, kila mtu kwa sehemu yake. Na mmoja akilipa peke yake akitaka kurudishiwa, wanazuoni wetu wanataka awe na ruhusa ya kadhi, na kadhi akikosekana awe na mashahidi, la sivyo itahesabika ametoa kwa hiari. Zamani ilikuwa kazi kuita mashahidi. Leo una simu. Tuma ujumbe: mbuzi anaumwa, bwana mifugo amesema dawa kiasi fulani, ninalipa na nitakudai nusu. Mtumie na kaka yake. Kisha nenda katibu mnyama, usingoje alama mbili za bluu.

Mtaniuliza, matibabu ni wajibu kama maji? Sitawadanganya, wanazuoni hawakuyaweka daraja moja na malisho, na hata binadamu kujitibu wengi wao hawakusema ni faradhi. Ila mimi nasema hivi: kama dawa ipo dukani pale stendi, pesa unayo, na kinachokuzuia si umasikini bali ni kinyongo, usitafute kichaka kwenye tofauti za wanazuoni. Na kama pesa huna kweli, mnyama ni wa kuliwa na anateseka, kisu kikali na jina la Mwenyezi Mungu ni huruma. Mtume (s.a.w.) ametufundisha ihsani hata kwenye kuchinja. Tulichofanya sisi kilikosa matibabu, kikakosa na kisu.

Jambo jingine linasahaulika. Ugonjwa haujui mpaka wa ugomvi wenu. Sotoka ya mbuzi ilipoingia Newala na Tandahimba kiasi cha miaka kumi na mitano iliyopita, wataalamu waliifuatilia wakaona ilipanda na mbuzi walionunuliwa mnada wa Pugu, ikatapakaa kijiji kwa kijiji. Kuku ndiyo kabisa. Chanjo ya kideri ni tone moja la jicho kila baada ya miezi mitatu, na kina mama wa mtaa huwa wanachanga ili chupa moja iwatoshe kuku wa wote. Mke na mume wakigombana kuku ni wa nani, mwezi wa chanjo ukapita, kuku wa jirani ambaye hajaachana na mtu wanakufa. Unaona jinsi dhara linavyotembea?

Haya, mbwa.

Nimegundua katika kesi zote nilizoitiwa watu wamegombania mbuzi, kuku, hata njiwa. Sijawahi kuona watu wanagombania mbwa. Mbwa anaachwa. Mume alimfuga kwa ajili ya ngedere na nguruwe pori shambani, jambo ambalo dini imeliruhusu wazi: mbwa wa mifugo, wa kuwinda na wa shamba wametolewa kwenye lile katazo la kufuga mbwa. Ndoa ikivunjika mume anashuka Masasi, anasema mbwa ni wa shamba, na shamba ni la wakwe. Mke anasema mimi ni mwanamke, mbwa najisi, sikumleta. Mbwa anakaa njia panda hajui afuate harufu gani. Watoto wanampiga mawe. Na chanjo ya kichaa cha mbwa nani atampeleka? Kichaa cha mbwa dalili zikishatokea kwa mtu hakuna tiba, ni kuchimba kaburi. Kwa hiyo hata asiyemhurumia mbwa awahurumie watoto wa mtaa.

Ninadhani mbwa ndiye anayetupima. Kwa mbuzi unaweza kujidanganya kwamba unapigania haki, kumbe ni bei ya mnadani. Kwa mbwa hakuna bei, na kwa madhehebu yetu kuuzwa kwake hakufai. Kinachobaki ni haki yake tupu, ya chakula na maji. Na yule mtu aliyemteremkia mbwa mwenye kiu kisimani akasamehewa dhambi zake hakuwa amemiliki mbwa yule. Alimkuta njiani tu. Wewe wa kwako alikulindia mahindi misimu minne. Ukimgusa akiwa na majimaji utaosha mara saba, moja kwa udongo, umemaliza. Hilo la kumwacha na njaa litaoshwa na nini?

Kwa hiyo kijana wangu, jibu lako. Mbwa alikuwa mikononi mwako, wewe ndiwe uliyemleta na kumfundisha kazi, dhamana ni yako mpaka umkabidhi kwa mtu anayemhitaji na kumkubali kwa mdomo wake. Kumwacha uwanjani kwa watu na kusema watajua wenyewe, huko si kukabidhi. Kama mtalaka wako anabaki na shamba na anamtaka, mwambie, na mshukuru, na mchangie chanjo. Kama hamtaki, mtafutie mwenye shamba mwingine, wako wengi wanaolia na ngedere.

Nilimwandikia haya kwa kifupi jana usiku kabla ya kulala, nikamalizia kwa kumuuliza: leo nani amemlisha? Hakujibu. Saa ya daku simu ikalia. Ameandika hivi, nami nimemwomba ruhusa: "Ustadhi nimepanda na pikipiki nimempelekea ugali na vichwa vya dagaa. Mwanzo alinibwekea, hakunijua. Mama mkwe ametoka na tochi akaniuliza unataka nini usiku huu. Nimemwambia nimekuja kwa mbwa. Amenyamaza, kisha akaniletea maji ya kumpa."

Maswali yenu tumeni kama kawaida, nitayajibu baada ya Alasiri. Na kuanzia sasa anayeniita kusuluhisha ndoa ajue kabla ya kukaa nitaomba kuzunguka bandani kwanza.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.